Kutoka Karaini hadi Tangini: Mafuta Yaliyotumika na Biodizeli

Kiswahili hakikutenga jina la mafuta ya kukaangia na la yale ya gari. Yote ni mafuta. Katika makutano ya Kyumbi, ambapo barabara ya mjini Machakos huachana na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, malori ya dizeli hupita karibu na vibanda vya chakula, na umoja huo wa jina huonekana kuwa na maana. Makala haya yanaeleza jinsi mafuta ya karaini yanavyogeuzwa kuwa ya tangini.

Rudolf Diesel mwenyewe alisimulia kuwa katika maonyesho ya Paris mwaka 1900, injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Injini za leo, hata hivyo, hupuliza mafuta kupitia vitundu vyembamba mno, na mafuta mazito ya mimea huviziba. Hivyo basi hayana budi kuvunjwa. Kwanza huchujwa makombo na kupashwa moto ili maji yatoke. Kisha huchanganywa na methanoli, takribani lita 1 kwa lita 5 za mafuta, ambamo imeyeyushwa kostiki soda. Katika joto la nyuzi 60 hivi, gliserini hujitenga na kutuama. Kieleacho juu ni biodizeli, nayo huoshwa na kukaushwa. Maji yakibaki, au mafuta yakiwa yamechacha kwa kukaangia mno, hupatikana sabuni badala ya dizeli. Aidha, methanoli ni sumu na hushika moto upesi; kazi hii si ya jikoni.

Mnamo Mei 2023, ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na sehemu ya mafuta yaliyotengenezwa na kampuni ya Eni nchini Italia, kwa njia tofauti na hii, kutokana na shahamu za wanyama na mafuta ya kupikia yaliyotumika.

Ugumu, basi, hauko katika kemia bali katika dumu. Kibanda kimoja hutoa lita chache tu, na kwa mwenye kibanda mafuta meusi ya leo bado yaweza kukaanga viazi vya kesho, ingawa kuyarudiarudia motoni huzalisha kemikali zenye kudhuru mwili. Mnunuzi sharti atoe bei ya kumshawishi ayaachilie. Bei hiyo nayo ikipita ile ya mafuta mapya, kuna watakaouza mapya kwa jina la makuukuu.