Neno "Msimu" na Mvua za Kamuli

Mkulima wa Kamuli, wilayani Kyerwa, hupanda maharage yake mvua za vuli zinapoanza mwezi wa Septemba. Akisikia redioni kwamba mvua za msimu zitaanza Novemba, huenda akadhani kuwa tangazo hilo lamhusu, akaiweka mbegu ghalani; kumbe limekusudiwa watu wa mikoa mingine. Hapo kosa si la mtabiri wala la mkulima, bali ni la neno moja lililobebeshwa maana tatu. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya tofauti ya mvua hizo, kisha kuonyesha jinsi neno hilo linavyofaa kutumiwa.

Tuanze na hewa yenyewe. Jua hulipasha joto zaidi eneo la Ikweta. Hewa ya hapo hupanuka, ikawa nyepesi, ikapanda, ikapoa na kuangusha mvua. Huko juu husambaa kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka ikiwa kavu karibu na latitudo 30. Hii ni sababu mojawapo ya ukame wa Sahara na Kalahari. Ikiisha kushuka, hurejea Ikweta ikivuma karibu na uso wa nchi. Mwingereza George Hadley alieleza mwaka 1735 kwamba kuzunguka kwa dunia ndiko kunakozipinda pepo hizo. Mahali zikutanapo pepo za kaskazini na za kusini ndipo paitwapo ukanda wa mvua.

Ukanda huo haukai mahali pamoja. Hulifuata jua, ingawa huchelewa nyuma yake. Nalo jua huwa juu ya Ikweta karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba. Kamuli, iliyo kusini kidogo tu ya Ikweta, huathiriwa na safari zote mbili: ukanda ukielekea kusini ni vuli, na ukirudi kaskazini ni masika, kati ya Machi na Mei. Aidha, sehemu hizo hupata unyevu wa Ziwa Viktoria na ule wa bonde la Kongo uletwao na pepo za magharibi. Ndiyo maana vuli ya huko hutangulia ile ya pwani, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba. Songea, kwa upande wake, i karibu na ukomo wa safari hiyo kusini. Kwenda na kurudi kwa ukanda huungana, mvua zikawa za kipindi kimoja, Novemba hadi Aprili.

Sasa tulitazame neno "msimu". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni wakati maalumu wa jambo, kama tusemavyo msimu wa kahawa. Maana ya pili imo katika "pepo za msimu", yaani kaskazi na kusi, zilizoendesha majahazi ya pwani. Hata lugha za Ulaya ziliazima jina la pepo hizo kutoka neno hilo hilo la Kiarabu. Maana ya tatu ni ya watabiri: "mvua za msimu" ni mvua za mikoa ipatayo mvua kwa kipindi kimoja tu kila mwaka.

Maana zote tatu ni halali, lakini hazifai kuachwa zigongane katika tangazo moja. Mfasiri anashauriwa kuandika "mikoa ipatayo mvua mara moja kwa mwaka", na kuitaja mikoa hiyo kwa majina. Palipo na vuli na masika, majina hayo yatumike pamoja na miezi yake, kwa kuwa miezi ya pwani si lazima iwe miezi ya Kagera. Pepo nazo ziitwe kaskazi na kusi. Walimu wanaoyajua majina ya majira katika Kinyambo na lugha jirani wanaombwa kuyakusanya, kwani huenda lugha hizo zina neno ambalo istilahi zetu bado zinalitafuta.