"Kadogo hivi, bei hiyo?"

Ukitaka kumuudhi mchonga vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, huna haja ya kumtukana. Nyanyua kinyago chake cha ukubwa wa kidole gumba, kigeuze mara moja, halafu sema: "Kadogo hivi, bei hiyo?" Nawajua wanaosema hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, tena nilisema kwa sauti ili na wengine wasikie!

Hebu fikiria. Mpingo ni mgumu balaa, na mti wenyewe huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa. Kwenye kinyago kikubwa patasi ikimponyoka fundi, anakwangua hapa, anapunguza pale, mambo yamekwisha. Kwenye kidogo ikiteleza tu, kichwa kimekwenda. Kule Uingereza yupo bwana mmoja, Willard Wigan, aliyezaliwa mwaka 1957, ambaye sanamu zake zinaenea ndani ya tundu la sindano. Mwenyewe anasema hukata kati ya pigo moja la moyo na jingine, maana mapigo yanamtikisa mkono. Eti siku moja alivuta pumzi, sanamu ikaingia puani! Usicheke.

Lakini aliyenifundisha mimi kuangalia si bwana huyo. Ni mdogo wangu, kwetu Bugwema, Musoma Vijijini.

Mwaka 1986 wezi wa mifugo walikuja usiku wakaswaga ng'ombe wetu wote 11. Kulipokucha, zizi jeupe. Baba hakulia wala hakula, alikaa tu mlangoni. Mdogo wangu, miaka tisa, akateremka bondeni akarudi na udongo mweusi, akaanza kufinyanga. Watoto wote tulifinyanga ng'ombe, lakini wa kwangu walikuwa na nundu na miguu minne, basi. Yeye alichomeka miiba ya mgunga kuwa pembe, akawaanika kivulini, maana juani wanapasuka. Hakuna aliyezidi urefu wa kidole.

Siku ya tatu baba akainama, akaokota mmoja mwenye pembe iliyoangukia shavuni.

"Huyu si yule mkorofi aliyemvunja mbavu mjomba wenu?"

Akaokota mwingine. Mtamba mwenye mimba, tumbo limelalia kushoto kama lilivyokuwa. Hapo ndipo baba alipolia, na sisi tukatoka nje.

Siku hizi nikifika Mwenge, au nikikutana na vinyago vidogo vya mawe ya Kisii vinavyochongwa Tabaka, Kenya, sianzi na bei. Nakiweka kiganjani, nakigeuza polepole kwenye mwanga, natafuta pale ambapo mteja haangalii: nyuma ya sikio, chini ya kwato. Fundi mvivu utamkamata hapo hapo. Na kama amepamaliza hata pale, jamani, mlipe mwenzio!

Ng'ombe wetu hawakurudi. Wale wa udongo nao walivunjika mmoja mmoja, isipokuwa yule mkorofi. Mpaka baba anafariki alikuwa kabatini kwake, ndani ya kikombe cha chai kilichokatika mkono. Tulimzika naye.

Juzi nimemwomba mdogo wangu anifinyangie mwingine. Akaniuliza: "Kaka, unalipa shilingi ngapi?"