Wimbo uleule, koo lenye mvi

Chukua ngoma ya zamani ya Kikalenjin, ile ya matatu za Nakuru–Kericho. Kisha cheza toleo jipya la mwimbaji yuleyule. Utashtuka: wimbo ni huo huo, mwenyewe kama mtu mwingine.

Usilaumu studio. Umri ukisonga, nyuzi za sauti hukakamaa na mapafu hayabani pumzi kama zamani. Sauti za wanawake wengi hushuka baada ya hedhi kukoma. Wanaume wazee wengine, kinyume chake, hubaki na sauti nyembamba. Sigara nayo huharakisha mambo.

Mbona basi warudie? Mara nyingi ni pesa. Lebo ya Chandarana pale Kericho ilitoa santuri nyingi za Bonde la Ufa, na kisheria rekodi huwa ya aliyeigharamia, si lazima aliyeimba. Ukirekodi upya wimbo uliotunga, na mkataba haukufungi, hiyo mpya ni yako. Taylor Swift alifanya hivyo na Fearless mwaka wa 2021. Lakini alikuwa na miaka 31 tu!

Kwa mzee wa miaka 70, prodyuza asimlazimishe kupanda kule kwa ujanani, eti kompyuta itanyoosha. Shusha wimbo ngazi mbili, punguza kasi. Joni Mitchell aliimba Both Sides Now mwaka wa 1969, akairudia 2000 kwa sauti nzito yenye mikwaruzo. Mimi nachukua hiyo ya pili, bila kufikiria mara mbili.