Mwanga Hauendi Ovyo

Mtoto huuliza: "Mwanga ukigonga kioo, huenda wapi?" Tusimjibu kwa maneno matupu, tumtengenezee mchezo.

Twatwaa boksi, vioo vidogo vitatu na tochi. Uso wa tochi twaufunika kwa karatasi nyeusi yenye ufa mwembamba wa wima, ili mwanga utoke kama mstari. Ndani ya boksi twatandika karatasi nyeupe, mstari uonekane, kisha twaweka shabaha nyuma ya kizuizi. Kazi ya mtoto ni kusimamisha vioo hata mwanga uzunguke kizuizi na kuifikia shabaha.

Kabla ya kuwasha tochi, na aonyeshe kwa kidole njia ya mwanga. Hapo ndipo ajifunzapo. Mwanga ukikijia kioo kwa pembe ya digrii 30, hurudi kwa digrii 30. Tena, kioo kikigeuzwa digrii 10, mwanga hugeuka digrii 20. Ndiyo maana kioo kikisogea kidogo tu, shabaha hukoswa.

Wengine watauliza, mbona tusitumie leza? Leza ya kwanza iliwaka Marekani mwaka 1960, nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Lakini kalamu ya leza si ya watoto. Mwanga wake, hata ukiisha kurudishwa na kioo, bado una nguvu ya kudhuru jicho la mtoto aliyeketi pembeni akitazama.

Wazazi na walimu, tochi yatosha. Tuwafundishe watoto habari za mwanga, wakibaki na macho ya kuuona.