Macho Yakififia, Twende kwa Nani?



Mwaka jana tulimpokea hospitalini kwetu mama mmoja wa makamo, akiongozwa na kijana wake. Mkobani alikuwa na jozi tatu za miwani. Zote alizinunua mezani sokoni katika muda wa miaka miwili, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Hakuna hata mmoja aliyempima presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kuzima. La kulia tuliliwahi.

Ugonjwa wake ni glakoma. Mara nyingi hauumi. Huanza kula nuru ya pembeni taratibu, na nuru iliyokwisha kupotea hairudishwi na miwani wala upasuaji. Matibabu hulinda kile kilichobaki tu.

Hatumlaumu mama huyo. Wengi wetu hudhani kila anayeshika miwani ni daktari wa macho, kumbe sivyo. Mtaalamu wa optometria amesomea kupima uwezo wa kuona, kuandika vipimo vya miwani, na kutambua dalili za ugonjwa ili akupeleke mbele. Wataalamu wengi wa namna hii hapa Tanzania wamesomea KCMC, Moshi. Daktari bingwa wa macho ni daktari wa tiba aliyeongeza miaka ya kusomea macho. Huyu hutibu na kupasua, kwa mfano mtoto wa jicho. Fundi wa miwani hukata vioo na kuvitia kwenye fremu. Sisi wauguzi tuko katikati yao, tukitia matone na kusikiliza manung'uniko ya foleni.

Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya nyumbani. Toboa karatasi ngumu kwa sindano nene. Funika jicho moja, na kwa jicho la pili tazama maandishi ya mbali kupitia tundu hilo. Yakionekana vizuri zaidi, huenda miwani itakusaidia. Yasipobadilika, usianzie dukani, anzia hospitali. Hata hivyo jaribio hili halitambui glakoma. Kwa hiyo aliyefikisha miaka 40, hasa kama mzazi au ndugu yake aliipata, apimwe presha ya macho. Mgonjwa wa kisukari naye achunguzwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Jicho jekundu lenye maumivu makali, au nuru iliyozimika ghafla, ni la kukimbizwa siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe, kwani yaweza kuwa saratani.

Mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Uliza mtaalamu wa macho wa wilaya yupo wapi, na kliniki ya mkoba itakuja lini. Mijini zipo pia kliniki ambazo wataalamu kadhaa wamejiunga chini ya paa moja. Faida yake ni kwamba faili lako ni moja, na anayekupima miwani akiona dalili mbaya humwita daktari wa chumba cha pili. Lakini uliza mapema: nani atakayenipima, na amesajiliwa? Ada ya kumwona daktari na ada ya vipimo ni moja au mbalimbali? Bima yangu inapokelewa? Na kama duka la miwani limo humo humo, omba karatasi ya vipimo vyako. Unaweza kwenda kutengenezewa miwani kwingine kwa bei unayoimudu.

Siku ya kwenda, chukua miwani ya zamani na dawa zote unazotumia, hata zile za mganga wa kienyeji, hatutakugombeza. Njoo na mtu wa kukurudisha. Huenda tukakutia matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa utaona ukungu na mwanga utakuchoma, hivyo baiskeli na pikipiki ziache nyumbani.