Barua pepe yako, namba ya nani?

Msimu wa maombi ya vyuo ukifika, steshenari za karibu na vituo vya daladala hujaa vijana waliotoka kumaliza kidato cha sita. Duka lina kompyuta mbili, printa moja na foleni isiyopungua. Fomu inadai barua pepe, kijana hana, basi anafunguliwa ya Google papo hapo. Nenosiri linaandikwa nyuma ya risiti. Mfumo ukiuliza namba ya simu ya kurejeshea akaunti, mwenye duka anaingiza ya kwake, maana simu ya mteja imeisha chaji na wenzake nyuma wameshaanza kunung'unika.

Shida huja kujulikana baadaye sana. Kijana amehitimu, anaomba kazi kwa njia ya mtandao, na kiungo cha kuthibitisha maombi kinatumwa kwenye ile barua pepe. Risiti haipo. Akibonyeza sehemu ya kusahau nenosiri, Google inamwambia kuwa ujumbe umetumwa kwenye namba inayoishia na tarakimu mbili asizozifahamu.

Wengi wakifikia hapo hutafuta wa kumpigia simu, wakidhani ni kama benki. Lakini barua pepe za bure hazina tawi wala dirisha la kupeleka kitambulisho. Anayeamua ni mashine, na mashine haijawahi kumwona mwombaji. Inachojua ni mazoea yake. Inaangalia kama simu anayotumia imewahi kuingia kwenye akaunti hiyo, kama yuko mahali alipozoea kuwa, kama nenosiri la zamani analolikumbuka lilishawahi kutumika. Ndiyo maana kukimbilia kompyuta ya kukodi mjini ni kujiongezea ugumu. Google yenyewe inashauri mtu atumie kifaa na kivinjari kilekile alichozoea, akiwa nyumbani au kazini, na asiruke swali hata kama jibu lake ni la kubahatisha. Jibu la kukisia lina nafasi; swali lililorukwa halina.

Zamani kazi hii ya kumtambua mwenye akaunti ilifanywa na maswali ya siri: jina la mama, shule ya kwanza, chakula unachokipenda. Udhaifu wake ulianikwa hadharani Septemba 2008, pale mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Tennessee, Marekani, alipoingia kwenye barua pepe ya Yahoo ya Sarah Palin, aliyekuwa mgombea mwenza wa urais. Hakuhitaji utaalamu wowote. Tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta na mahali Palin alipokutana na mumewe vyote vilipatikana mtandaoni. Mwaka 2015 watafiti wa Google walichapisha takwimu zao: kwa watumiaji wa Kiingereza, mtu akikisia chakula mara moja tu, akasema piza, alikuwa na nafasi ya karibu asilimia 20 ya kupatia. Wakati huohuo asilimia 40 ya watumiaji wa Kiingereza nchini Marekani walishindwa kukumbuka majibu yao wenyewe walipoyahitaji. Huku kwetu, ambako mtu huitwa Mama Fulani na mtaa mzima unajua alikosoma, swali la namna hiyo lilikuwa siri ya nani?

Utafiti huohuo ulionyesha kuwa ujumbe mfupi wa simu hufanikiwa mara nyingi zaidi, takribani mara nane kati ya kumi. Kwa hiyo, kwa aliyepoteza laini, safari ya kuikomboa barua pepe mara nyingi huanzia kwenye duka la kampuni ya simu. Kwa Tanzania, laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na iliyopotea hurudishwa kwa mwenye usajili. Kama ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba, itabidi mjomba aende mwenyewe na kidole chake. Tena asichelewe: laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba hatimaye hugawiwa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea ujumbe usiomhusu.

Akaunti iliyoibwa ina sharti lake la muda. Mwizi akishabadilisha namba ya kurejeshea, Google bado humruhusu mwenyewe kutumia namba au barua pepe yake ya awali kwa hadi siku saba. Mtu akizimaliza siku hizo akisubiri msaada wa rafiki wa rafiki, njia hiyo inajifunga.

Na rafiki wa rafiki ndiye wa kuogopwa. Mitandao ya kijamii imejaa wataalamu wanaoahidi kufungua akaunti yoyote kwa malipo. Wanapokea ada kwanza, kisha wanaomba tarakimu sita za uthibitisho zilizoingia kwenye simu. Akishazitoa, mwenye akaunti amemkabidhi mgeni ufunguo na pesa juu. Google inasema wazi kuwa haishirikiani na watu wa aina hiyo.

Kusubiri nako kuna mwisho. Tangu Desemba 2023, akaunti binafsi ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na picha zake.

Aliye bado ndani ya akaunti yake, hasa kama alifunguliwa na mtu mwingine, aende leo kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, aone namba iliyoandikwa pale ni ya nani. Aweke ya kwake, iliyosajiliwa kwa jina lake, aongeze na barua pepe ya pili. Akiwa amewasha uthibitishaji wa hatua mbili, achukue pia namba kumi za akiba ambazo Google hutoa, kila moja ya tarakimu nane na ya kutumika mara moja, aziandike kwenye karatasi inayokaa na vyeti. Google huenda ikamdai nenosiri kabla ya kukubali mabadiliko hayo, hivyo alitafute kwanza.