Fahamu: Upasuaji wa Taya kwa Mtoto Akatikaye Pumzi Usingizini

Mzazi wa Lafey, Mandera, amsikiaye mwanawe akikoroma kila usiku, pumzi ikikatika na kurejea kwa kishindo, asidhani ni usingizi mnono, kwani aghalabu sababu ni mafindofindo yaliyovimba, ambayo yakiondolewa, watoto walio wengi hupata afueni. Lakini yuko azaliwaye na taya la chini dogo mno, ulimi ukaangukia nyuma na kuziba koo. Huyo, tiba nyepesi zisipomfaa, tabibu hulikata taya pande zote mbili na kulivuta kwa chuma kadiri ya milimita 1 kila siku, mfupa mpya ukiota mwanyani. Mabingwa wa upasuaji huo wako Nairobi, mamia ya kilomita kutoka Lafey kupitia Wajir na Garissa. Basi ni haki ya mtoto huyo achunguzwe taya na pumzi tangu siku azaliwayo.